Kinda kapandishwa, mambo hayaendi: pa kuanzia kutazama

"Mjomba, mtoto wangu hachezi."

Huo ndio ujumbe unaoingia kwenye simu yangu kuliko mwingine wowote tangu tuanze ligi hii ya besiboli ya kompyuta (mtoto ni mchezaji kinda wa timu yake), na nimeshajifunza kutoujibu kabla sijafungua faili. Mara nyingi mtoto hana kosa. Kosa liko kwenye makaratasi.

Kwa asiyetujua: tuko watu kumi, timu kumi, na laptopu moja ya maana, ambayo inakaa kwenye kibanda changu cha steshenari hapa Chikongola, Mtwara Mjini, kati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya rimu. Programu ni Out of the Park Baseball, aliyoianzisha Mjerumani Markus Heinsen, toleo la kwanza likatoka 1999. Inaigiza besiboli ya Marekani mpaka kwenye mikataba na majeraha. Jumatano na Jumamosi saa tatu usiku, nikishafunga duka, nasukuma wiki moja ya mchezo, yaani programu inacheza mechi za siku saba. Kabla ya hapo kila mwenye timu awe ameshanitumia faili la maagizo yake, kwa simu au kwa flashi. Anayeisikia besiboli leo ajue haya tu: mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo, akiupiga anakimbilia besi (vituo vya uwanjani), akiukosa mpira ni straiki, na straiki tatu umetoka. Chini ya ligi kuu kuna ngazi za ligi ndogo ambako makinda wanakomaa, na mwenye timu ndiye anayeamua kinda apande lini.

Haya hapa malalamiko, kwa namna yanavyonifikia.

"Nimempandisha, hachezi"

Anza na orodha. Kipaji kiache kwanza. Kila timu ina orodha mbili: ya watu 40 wanaomilikiwa na timu kuu, na ndani yake ya watu 26 wanaovaa jezi siku ya mechi (kuanzia tarehe 1 Septemba wanakuwa 28). Kinda ambaye hayumo kwenye 40 hawezi kuingia kwenye 26. Orodha ikiwa imejaa, lazima mtu atoke ndipo yeye aingie. Programu hukutolea onyo, lakini watu wanaliona onyo kama wanavyoliona tangazo la mtandao wa simu: wanalifunga, wananitumia faili, wanakwenda kulala.

Orodha zikiwa sawa, nenda kwenye kikosi kinachoanza, na usisahau kwamba vikosi ni viwili. Kimoja ni cha siku mnayokutana na mrushaji wa mkono wa kulia, kingine cha mrushaji wa kushoto. Warushaji wengi ni wa kulia.

Tunaye karani wa chama cha msingi, mtu ambaye kwenye mzani wa korosho hakosei nusu kilo. Alimpandisha mlinzi wake wa besi ya tatu, kijana wa miaka 21, akasubiri wiki mbili. Kimya. Akaja kibandani amekunja uso, akaanza kusema programu ina upendeleo. Nikamwambia, kaka, kaa hapa, shika mausi mwenyewe. Akafungua kikosi cha warushaji wa kushoto: mtoto huyo hapo, anapiga namba tano. Nikamwambia afungue na kile kingine. Akafungua. Besi ya tatu amekaa mzee wa miaka 36 ambaye magoti yake yameshaomba kustaafu. Katika wiki mbili zile timu ilikutana na mrushaji wa kushoto mara moja tu. Siku hiyo mtoto alicheza, akapata hiti moja (alipiga mpira akafika besi salama), na mwenye timu hata hakuiona. Karani alinyamaza, akavuta kiti karibu, akambadilisha mzee bila kusema neno.

Orodha sawa, vikosi sawa, bado hachezi? Tazama jina la faili ulilonitumia. Ukipakua faili mara mbili, simu huongeza (1) mwishoni mwa jina la nakala ya pili. Programu inasoma jina lile lile la timu, halijazidi wala kupungua. Lenye (1) inaliruka, na mimi nasukuma wiki kwa kikosi chako cha zamani. Nimelisema hili mpaka nimelibandika ukutani kwa karatasi ya A4, na Jumamosi iliyopita limenifika tena.

"Kacheza mechi yake ya kwanza mimi sina habari"

Hili huja Oktoba. Minada ya korosho ikianza, karani hapatikani, mwenye bodaboda anakesha barabara ya Newala, na mwalimu ana shamba Tandahimba. Faili haziji. Timu isiyotuma faili inabaki na maagizo yake ya mwisho, na kama mwenyewe uliwahi kuweka alama ya kuiruhusu kompyuta isimamie orodha, mchezaji akiumia kompyuta inapandisha mtu bila kukuuliza. Ukirudi unakuta kinda uliyemfunika kama yai ameshacheza mechi tisa, na zile siku zimeshahesabiwa kwenye utumishi wake (nitaufikia utumishi).

Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya timu kabla ya msimu wa korosho, ondoa ruhusa ya kupandisha, bakiza ile ya kupanga kikosi cha siku. Wenzetu wa Marekani hawana shida hii, msimu wao halisi unaanza mwishoni mwa Machi na mechi za kawaida zinaisha mwishoni mwa Septemba, wakulima wa huku ndio kwanza wanaokota.

"Mtoto ni bure kabisa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibu timu.

Kinda anapanda na sifa zote. Baada ya zamu 30 za kupiga ana hiti 4. Mwenye timu ananipigia saa tano usiku anataka kumuuza. Sasa tufanye hesabu, na yeyote mwenye kikokotoo aifanye upya. Chukua mpigaji mzuri tu, ambaye kiwango chake cha kweli ni hiti 26 kwa kila zamu 100. Mpe zamu 30. Uwezekano wa kupata hiti 4 au pungufu, kwa bahati tupu, bila kuumwa, bila kuogopa, ni kama 8 kwa 100. Sisi tuna timu kumi, na kila timu hupandisha kinda mmoja au wawili kwa msimu. Maana yake misimu mingi mmoja wetu atapigwa na balaa hili, na siku likimpata ataapa kwamba ni yeye peke yake duniani.

Besiboli halisi imejaa mifano. Willie Mays alipandishwa na New York Giants Mei 1951 akitokea Minneapolis, alikokuwa anapiga kwa wastani wa 0.477 (hiti karibu 48 kwa kila zamu 100). Zamu zake 12 za kwanza hakuambulia kitu. Hiti ya kwanza ikawa homurani, mpira ulitoka nje ya uwanja mzima, tena dhidi ya mrushaji Warren Spahn. Baada ya hapo giza likarudi, akafika hiti 1 kwa zamu 26. Mwenyewe alimwomba kocha Leo Durocher amrudishe chini. Durocher akakataa. Mwisho wa mwaka ule Mays ndiye aliyepewa tuzo ya kinda bora.

Aaron Judge alianza tofauti: tarehe 13 Agosti 2016, zamu yake ya kwanza kabisa, homurani. Tena mwenzake Tyler Austin, aliyepiga mara tu kabla yake, naye alikuwa ametoka kupiga homurani katika zamu yake ya kwanza. Halafu Judge akazama. Alimaliza mwaka na hiti 15 kwa zamu 84, na katika hizo 84 alitolewa kwa straiki mara 42, nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata alipiga homurani 52. Mike Trout naye mwaka 2011 aliambulia hiti 27 kwa zamu 123, na 2012, msimu aliouanza akiwa na miaka 20, akapiga homurani 30 na kuiba besi 49 kwa mbio zake. Ungekuwa Mtwara, Trout angeshauzwa Agosti kwa bei ya mabibo.

Kuuza namna hiyo kwetu tunakuita kangomba, na kila mtu wa kusini anaelewa: mkulima mwenye shida anatoa korosho zikiwa bado mtini, kwa kisado, kwa bei ya mnunuzi. Kwenye ligi yetu yuko jamaa mmoja wa Shangani anayeishi kwa kangomba. Kazi yake ni kukaa anasubiri mtu audhike na kinda wake. Anakuja kwa upole, "pole sana ndugu yangu, kama anakusumbua mimi nitamchukua." Ana mataji mawili.

Basi usitazame hiti. Tazama anatolewa kwa straiki mara ngapi na anapewa besi ya bure mara ngapi (mrushaji anapokosa shabaha mara nne). Vitu hivi hutulia mapema kuliko wastani wa kupiga. Kiwango cha straiki kinaanza kusema ukweli baada ya zamu kama 60, wakati wastani wa kupiga unaweza kukudanganya msimu mzima. Kinda mwenye hiti 4 kwa 30 lakini ametolewa kwa straiki mara 5 tu, huyo anaugusa mpira, bahati itamrudia, mwache. Kinda mwenye hiti 9 kwa 30 na straiki 14, huyo ndiye wa kuogopa, ingawa leo wanakupongeza.

Lakini kuna kesi ambapo mtoto kweli hakuwa tayari, nisijifanye haipo. Kagua alikotokea. Kama amerushwa ngazi, ametoka ngazi ya pili kwa ubora katika ligi ndogo moja kwa moja mpaka ligi kuu, na kule chini alikuwa tayari anatolewa kwa straiki zaidi ya robo ya zamu zake, hapo tatizo ni wewe. Mrudishe bila fujo.

"Alianza kwa moto, kazimika"

Kama ni mpigaji, rudi juu usome tena ile hesabu. Bahati ina pande mbili.

Kama ni mrushaji, kagua amerusha kiasi gani mwaka jana. Kijana aliyerusha iningi (awamu za mechi) 90 chini, ukamtwisha 180 juu, anachoka, na aliyechoka anaumia. Stephen Strasburg alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 8 Juni 2010 dhidi ya Pittsburgh Pirates, akawatoa wapigaji 14 kwa straiki ndani ya iningi 7 bila kutoa besi ya bure hata moja. Hakuna aliyeiona mechi ile akaisahau. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, na timu yake haikuwa imemtumikisha kikatili hata kidogo. Mkono wa mrushaji kijana hauna dhamana. Kwenye programu punguza idadi ya mirusho kwa mechi, na uchovu ukionekana kwenye ukurasa wake mpumzishe zamu moja. Zaidi ya hapo ni dua.

"Skauti kasema 70, mimi naona 45"

Viwango vya skauti, mpima vipaji wa timu, vinaanzia 20 mpaka 80. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, ambaye si mbaya hata kidogo. Sitini ni mzuri, sabini ni wachache sana. Kosa la kwanza ni kusoma namba isiyo yenyewe: kuna safu ya uwezo wa leo na safu ya anakoweza kufika. Ile 70 ilikuwa ya anakoweza kufika. Leo ni 45, na ulichokiona uwanjani ndicho kilichoandikwa.

La pili ni kwamba skauti anakisia. Hata ukimlipa vizuri anakisia, na kadiri mchezaji alivyo mdogo na wa ngazi ya chini ndivyo anavyokosea zaidi. Karani wetu alinielewesha hili kuliko kitabu cha maelekezo. Gunia la korosho, alisema, huwezi kulisoma kwa macho. Unachukua sampuli, unazipasua moja moja, unatenga kernel nzuri na zilizooza, ndipo unajua daraja. Gunia mbili zilizolingana kwa nje hutoka tofauti. Basi kinda ukimsubiri apigepige msimu mzima katika ngazi ya juu ya ligi ndogo, hapo umepasua. Ukimpandisha kwa namba ya skauti peke yake umenunua kwa macho.

Na namba hubadilika. Programu ina kipimo cha mabadiliko ya kipaji, kwa hiyo kinda anaweza kuamka Jumatatu ameshuka pointi 10 bila sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Usije kibandani na hilo. Sina la kukusaidia.

"Nataka kumshusha, programu inagoma" au, mbaya zaidi, "Nimemshusha, kachukuliwa"

Mchezaji aliye kwenye orodha ya 40 ana misimu mitatu ambayo unaweza kumshusha na kumpandisha bila kumweka sokoni. Kila msimu aliotumia siku 20 au zaidi chini akiwa ameshushwa hivyo, msimu mmoja umeliwa. Chini ya siku 20 hauliwi. Ikiisha mitatu, kumshusha ni kumtangaza kwa timu zote, na yeyote anaweza kumchukua. Mwalimu alimpoteza mdakaji wake hivyo, na aliyemchukua, mnamjua, ni yule wa Shangani.

Kugoma, uwe unamshusha au unamrudisha juu, kwa kawaida husababishwa na vitu viwili. Ukimshusha mpigaji lazima akae chini siku 10, mrushaji 15, ila kama anarudi kuziba pengo la majeruhi. Na tangu 2022 mchezaji hashushwi zaidi ya mara tano kwa msimu mmoja. Hesabu kabla hujaanza kumpandisha na kumshusha kama daladala ya Mikindani.

"Mbona fulani kamficha kinda wake wiki tatu?"

Hii si hitilafu, ni ujanja, na umetugombanisha kuliko kitu kingine.

Mwaka wa utumishi katika ligi kuu ni siku 172. Msimu una siku kama 187. Mchezaji anafungwa na timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ndipo awe huru. Kwa hiyo ukimchelewesha kinda wiki mbili na ushee mwanzoni mwa msimu anamaliza na siku 171, mwaka haukutimia, na wewe umepata msimu wa saba. Chicago Cubs walimpandisha Kris Bryant tarehe 17 Aprili 2015. Akamaliza mwaka na siku 171 kamili na tuzo ya kinda bora. Alilalamika rasmi, na mwanzoni mwa 2020 akashindwa. Makubaliano ya 2022 yaliweka kitulizo: timu inayompandisha kinda wa daraja la juu tangu mwanzo wa msimu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua vijana, kinda yule akishinda tuzo kubwa.

Sisi tulibishana usiku mzima mpaka muuza chipsi wa jirani akafunga. Mtumishi yeyote wa serikali aliyewahi kucheleweshewa barua ya kuthibitishwa kazini alikuwa upande wa Bryant. Tulichokubaliana: kinda mwenye kiwango cha leo cha 50 na kuendelea akiachwa chini mwanzoni mwa msimu, mwenye timu aandike sababu. "Bado anajifunza ulinzi" tunaikubali mara moja tu.

Hapo hapo huwa nawakumbusha habari ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pirates 2008 na hakuna aliyemficha. Alikuwa tu anapanda ngazi polepole, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza akampiga hiti mrushaji Jon Lester. Kwa saa zetu mechi za jioni za kule zinaanza kama saa nane usiku, kwa hiyo wengi wetu tuliisoma asubuhi.

"Kinda wangu hayupo kwenye kura ya tuzo"

Mwaka jana alivuka zamu 130 za kupiga, au iningi 50 za kurusha, au siku 45 kwenye kikosi. Si kinda tena. Tufunge.

"Nilimwona akipiga homurani, sasa haipo"

Hii imetokea mara moja, na ndiyo inayosimuliwa kwa kila mgeni.

Jumamosi moja nilikuwa nasukuma siku, wenye timu watatu wamesimama nyuma yangu. Fundi simu alikuwa amempandisha mlinzi wa uwanja wa kushoto, kijana wa miaka 19. Zamu ya kwanza, homurani. Fundi alipiga kelele mpaka mlinzi wa duka la pili akaja na rungu. Nikaendelea kusukuma, na umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ilishakufa zamani. Uliporudi, faili halikufunguka. Nikarudisha nakala ya Jumatano, nikaanza upya, na fundi akasimama pale pale, mikono kifuani.

Programu haikumbuki ilichokitupa jana. Kete zinarushwa upya. Mechi ile ile, mrushaji yule yule, kijana akatolewa kwa straiki zamu zote nne.

Kanuni tuliyoiandika baadaye ni fupi: faili likiharibika, kilichomo kwenye nakala ndicho kilichotokea, na nakala inachukuliwa kila baada ya siku moja ya mchezo, si kila wiki. Nimenunua na betri. Fundi alisaini kanuni kama wengine. Ila ukimuuliza leo kijana wake ana homurani ngapi, atakutajia namba iliyozidi moja.